TEMBEA NA SISI: Soko la Pesa Zilizokufa

Mwezi huu safu yenu haikwenda mbali. Tulishuka Juba siku ya Jumamosi, kwa ajili ya kitu ambacho karibu kila nyumba hapa inacho na hakuna anayekitumia: pesa ambazo hazinunui tena.

Mnazijua. Ziko chini ya sanduku la bati, ndani ya soksi, katikati ya Biblia au nyuma ya picha ya harusi. Jirani Mkongomani ana noti za Mobutu na ile kofia yake ya chui. Mrundi ana noti za elfu kumi za zamani, zile ambazo Juni 2023 benki kuu ya kwao ilizifuta na kuwapa watu siku kumi wazirudishe. Aliyekuwa ng'ambo ya mpaka angezirudisha vipi? Mama wa Kiethiopia ana sarafu kubwa nyeupe kwenye uzi shingoni, ya bibi yake. Na ndugu zetu wa Sudan, waliokimbia tangu vita vya Aprili 2023, wao hawana noti moja moja, wana mabunda.

Sasa, tangu miezi michache, kuna jamaa wanapita hapa nyumba kwa nyumba wakiuliza "vitu vya kale". Wanaangalia, wanacheka kidogo, eti hii haina kazi, lakini nitakusaidia, chukua hiki kidogo. Wamama wakaja kutuuliza: hiyo bei ni ya haki? Katika kamati yetu ya jarida yuko mmoja anayekusanya pesa za zamani toka ujana wake, basi tukasema twende tuone wenyewe. Tulibeba sumaku, lenzi ya kukuzia, daftari, na vitu vichache ambavyo wenyewe walikubali vitoke nyumbani. Ile sarafu nyeupe mama hakutupa sisi. Alimpa kijana wake, naye akatembea nayo mkononi siku nzima, ngumi imefungwa.

Huko Ulaya watu wanaopenda mambo haya wana maonyesho yao. Berlin, kila mwanzo wa mwaka, kuna moja kubwa linaloitwa World Money Fair. Wauzaji wanapanga meza kwenye ukumbi, sarafu ziko kwenye visanduku vya kioo, kila moja na kikaratasi: mwaka, nchi, hali yake, bei. Mkusanyaji anapita meza hadi meza tangu asubuhi, anainama, anaangalia, anauliza, anaondoka, anarudi. Juba haina ukumbi kama huo. Lakini Juba ina miavuli.

Tulianzia Custom. Pale wabadilisha pesa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mbele yao pauni zimefungwa kwa raba na kupangwa kama matofali. Simu zenu ziacheni mfukoni, tafadhali. Kupiga picha hovyo Juba kunaleta maswali, na katikati ya pesa za watu kunaleta zaidi ya maswali.

Hawa si wauzaji wa vitu vya kale. Wao wanataka dola, shilingi ya Uganda, ya Kenya. Ukiwatolea dinari ya Sudan wanacheka, wanaitana, "njoo uone!" Na mzee mmoja kati yao akaanza kuhesabu kwa vidole pesa alizozishika maisha yake bila kuhama Juba. Pauni ya Sudan ya zamani. Halafu dinari, iliyokuja 1992, moja ikawa pauni kumi. Halafu baada ya mkataba wa amani wa 2005, pauni mpya ya Januari 2007, moja kwa dinari 100. Halafu uhuru tarehe 9 Julai 2011, na siku tisa baadaye pauni ya Sudan Kusini yenye picha ya Dr. John Garang. Pesa nne, na yeye amekaa chini ya mti uleule. "Mimi sikuhama," alisema, "pesa ndiyo ilihama." Tukaandika.

Ngoja tukae hapa kwanza kwenye mabunda ya Sudan, maana ndiyo yanayowaumiza watu. Desemba 2024 Benki Kuu ya Sudan, ambayo vita vilikuwa vimeihamishia Port Sudan, ilianza kubadilisha noti za 500 na 1,000. Ilitoa ya 1,000 mpya, na watu wa majimbo saba yaliyokuwa mikononi mwa jeshi wakaambiwa wapeleke za zamani benki ndani ya wiki chache. Upande wa RSF nao ukakataza noti mpya kwake, kwa hiyo kule za zamani zikaendelea kuzunguka. Na waliokuwa wameshavuka mpaka hawakuwa upande huu wala ule. Hajja mmoja wa hapa kambini aliuza ng'ombe na dhahabu yake kabla ya kukimbia, na alichobeba ni hizo karatasi. Alitupa noti tatu za mfano.

Custom tuliuliza watu sita. Wanne walikataa hata kuzigusa. Wa tano alisema labda, kama tunamjua mfanyabiashara anayepeleka bidhaa Darfur. Wa sita alitaja bei. Bei yenyewe ilikuwa chini ya robo ya kile ambacho Hajja alikuwa amehesabu kichwani, na alitaka bunda zima kwa mkupuo. Hatukuuza, si zetu. Lakini tulimwandikia Hajja alivyosema kila mmoja.

Na hapa mwenzetu mkusanyaji alisema neno ambalo wengi hawatalipenda. Mkusanyaji hawezi kumwokoa mwenye bunda. Yeye anataka noti moja, safi, isiyokunjwa. Akishapata moja ya mwaka huo hataki ya pili, na noti ikiwa imechapwa kwa mamilioni, hata ikifa, inabaki kuwa nyingi. Pesa haipandi bei kwa sababu imekufa. Inapanda ikiwa wachache waliitunza na wengi wanaitafuta. Kwa hiyo mtu akikuambia kaa na bunda lako miaka kumi litakuwa mali, mwulize kwa nini yeye halinunui.

Kutoka hapo tukapanda raksha mpaka Konyo Konyo. Soko lile mnalijua: samaki, mihogo, nguo za mtumba, spea za bodaboda, yote kwa kelele moja. Wauzaji wa sarafu hawana sehemu yao. Unawakuta kwa bahati, mmoja anauza kufuli na betri, na pembeni ana kopo la maziwa ya unga lililojaa vyuma. Ukiinama kwenye lile kopo saa moja imepita, na mgongo unakuambia.

Tulimwaga kopo moja juu ya gunia, mwenyewe akiruhusu. Kwanza kuna piasta za Sudan za 1956, mwaka wa uhuru wao, zenye tarishi wa posta juu ya ngamia. Ngamia huyohuyo alitoka kwenye stempu za Sudan za 1898, kwa hiyo amesafiri sana. Watoto wetu waliziona baadaye kwenye daftari na wote wakataka ngamia. Zipo nyingi, bei yake ndogo, ni zawadi nzuri kwa mtoto.

Halafu sarafu zenye tundu katikati. Wazee waliopita Uganda, Kenya na Tanganyika watazikumbuka, senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki. Ile bodi ya sarafu ya Waingereza iliundwa 1919, na shilingi yake ilianza miaka miwili hivi baadaye. Tundu lilipunguza shaba, na watu wakaona faida yao: unazitunga kwenye kamba kama samaki. Mwenzetu alipekua mpaka akatoa moja ya 1936 na akatabasamu peke yake. Juu yake limeandikwa jina la mfalme Edward wa Nane. Huyo alikaa kwenye kiti kuanzia Januari mpaka Desemba 1936 akajiuzulu kabla ya kuvikwa taji, na huko kwao Uingereza sarafu zenye jina lake karibu hazikufika mikononi mwa watu. Lakini senti zetu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, ni jina tu na taji, kwa hiyo hazikusubiri mchoraji. Zikatengenezwa, zikaletwa, zikanunua chumvi. Mwanamke wa sokoni Kampala alishika jina la mfalme ambalo Mwingereza wa London hakulishika.

Je, ni mali? Hapana, bwana. Zilitengenezwa nyingi mno. Mwenye kopo alipoona lile tabasamu akapandisha bei mara tano palepale. Somo hilo la bure tumewaletea: ukitafuta kitu, usitabasamu. Mwenzetu akairudisha kwenye kopo, akaomba ngamia wawili kwanza, akaongea habari za betri, akaipata mwishoni kwa bei ya chai na mandazi.

Shilingi zenye simba nazo zilikuwemo, simba na milima nyuma yake. Hapa macho yafunguke. Za mpaka 1946 zina madini ya fedha ndani, robo ya uzito wake. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tu. Kwa macho zinafanana. Ukiwa nazo nyumbani soma mwaka kabla hujampa mtu.

Kwenye kopo hilohilo tukakuta sarafu za hapahapa Sudan Kusini. Ndiyo, zipo! Piasta zilitolewa 2015, na hata sarafu za pauni zikafuata. Kuna ya piasta ishirini yenye yule ndege mkubwa wa kwenye matete, korongo-nyangumi, na ya hamsini ina kifaru. Kumbe zilikuja wakati mbaya. Desemba mwaka huohuo serikali iliacha kiwango cha karibu pauni tatu kwa dola, pauni ikaporomoka, na sarafu zikawa hazina cha kununua kabla watu hawajazizoea. Vijana wengi wa Juba hawajawahi kupokea moja dukani. Mwenye kopo anaziuza kwa wageni kama vifungo.

Saa nane tulikuwa upande wa hoteli, karibu na mto, kwa wauza vinyago. Hapa ndipo palifanana na Berlin kidogo. Noti ziko ndani ya plastiki, zimepangwa kwenye albamu ya picha, na bei inatajwa kwa dola. Noti za kwanza za 2011 zote ziko: ya 1, ya 5, ya 10, ya 25, ya 50, ya 100. Ile ya 25 ni ya kuangalia, maana baadaye ilikuja ya 20 ikachukua nafasi yake. Mwaka 2011 noti ya 100 ilikuwa zaidi ya dola 30. Leo ukienda nayo sokoni hainunui kikombe cha chai. Lakini ile ya 2011, safi, haijakunjwa hata mara moja, jamaa wa albamu aliitaka dola 6, na akapata mnunuzi sisi tukiwa tumesimama pale. Noti ileile iliyochakaa alikuwa nayo mfukoni, hakuiweka hata kwenye albamu.

Tukamwonyesha noti ya Kongo tuliyopewa, zaire milioni tano yenye Mobutu. Wakongomani wenzetu wanajua hadithi yake. Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa mshahara kwa noti hizo. Waziri mkuu Tshisekedi alikuwa ameshasema si halali, wenye maduka wakazikataa, askari wakatoka na bunduki, mji ukaporwa na watu wakafa, hata balozi wa Ufaransa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo zaire milioni tatu zikageuzwa kuwa moja mpya, na 1998 hizo mpya laki moja zikawa faranga moja. Mwenye noti ile hapa kambini alikuwa mtoto siku hizo, na baba yake alikuwa askari. Muuzaji aliigeuza, akaona mikunjo minne na doa la mafuta, akasema dola 1. Tukamshukuru. Noti imerudi kwa mwenyewe pamoja na doa lake.

Basi likabaki lile la ngumi ya kijana.

Muuzaji mwingine wa vinyago alikuwa na sarafu kama hiyohiyo, juu ya kitambaa chekundu. Mwanamke mnene mwenye shela upande mmoja, tai mwenye vichwa viwili upande wa pili, na mwaka 1780. "Mzee wangu, hii ni ya miaka mia mbili na zaidi. Dola 80, kwa sababu ni wewe." Kijana akatutazama, uso umewaka.

Tulimvuta pembeni tukamweleza. Mwanamke yule ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyekufa mwaka huohuo wa 1780. Sarafu yake ilipendwa sana Ethiopia, Sudan, Yemen na mpaka pwani yetu, ambako waliiita reale. Watu waliiamini hii tu, wakakataa yenye mwaka mwingine. Kwa hiyo wenye viwanda wakaendelea kuigonga na mwaka uleule: Vienna, halafu Rome, London, Paris, hata Bombay, miaka mia na hamsini baadaye. Inaweza kuwa ya 1850, inaweza kuwa ya 1950. Mwaka hausemi kitu.

Lakini madini yanasema. Tulirudi mjini kwa sonara. Sumaku kwanza, haikushika. Halafu tukaangalia ukingo: ya kweli ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka kuzunguka pembeni, na ya bandia mara nyingi haina kitu. Ya kijana ilikuwa nayo, yamesagika kwa shingo za bibi wawili lakini yapo. Mizani ikasema gramu 28. Sarafu hizi ni fedha asilimia 83 na kidogo, kwa hiyo ndani yake kuna gramu 23 na zaidi za fedha safi. Sonara, ambaye naye lazima ale, alitoa dola 18 kama ya kuyeyusha. Yule jamaa aliyepita kambini alikuwa amempa mama dola 5, na akasema anamsaidia.

Kwa hiyo kuna bei ya benki, ambayo kwa vitu vyetu vingi ni sifuri. Kuna bei ya chuma, ambayo mizani inaijua. Kuna bei ya mkusanyaji, ambayo inategemea hali na uchache. Anayepita nyumba kwa nyumba anakutajia ya kwanza, halafu anaenda kuuza kwa ya pili au ya tatu. Ndiyo kazi yake yote.

Jambo moja la nyumbani, na tunasema kwa herufi kubwa: MSISUGUE. Tumeona hapa watu wanaosha sarafu kwa ndimu na majivu mpaka zing'ae, wakidhani zitapendeza. Ule weusi ni ngozi yake. Mkusanyaji akiona sarafu iliyosuguliwa anaiweka chini. Na noti msipige pasi, wala msizibandike kwa selotepu. Zilazeni ndani ya kitabu kikubwa, mahali pakavu, mbali na mchwa.

Tukiwa kwenye gari la kurudi, kijana alituuliza kwa nini sisi tunasema pesa, hela, fedha, kama maneno matatu hayatoshi. Swali zuri. Pesa ilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, ni paisa yao. Hela ni ya Mjerumani, heller, senti ndogo aliyoileta Tanganyika 1904 na kuiacha alipofukuzwa. Fedha ndiyo hayo madini yenyewe. Na hapa Juba wanasema gurush, kutoka piasta ya Waturuki. Serikali zote zile zimeondoka, na bado tunakopeshana kwa majina ya pesa zao.

Mama wa reale alisikiliza hesabu yote ya gramu mara mbili, kijana akitafsiri. Akauliza kama ile ya kwenye kitambaa chekundu ilikuwa kubwa kuliko yake. Tukasema ni sawasawa. Akaifunga tena kwenye uzi.

Hajja hakuwa na haraka pia. Alichukua noti zake tatu, akasoma bei ya yule wa sita kwenye daftari letu, akatulia. Halafu akatuomba karatasi safi, akaandika kwa mkono wake idadi ya mabunda, ng'ombe wangapi, bangili ngapi, na tarehe aliyouza. Alisema watoto wakiuliza baadaye walikuwa na nini, jibu liwepo pamoja na noti. Wiki ijayo ataenda mwenyewe Custom kuongea na huyo wa tano, yule wa Darfur, na mmoja wetu atamsindikiza.

Sumaku na lenzi viko ofisini kwa jarida kila Alhamisi baada ya saa tisa. Mizani bado tunaitafuta, mwenye ya kuazima atuambie.